Apareyi ya Shemeji Amisi

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita

Imeganda tena. Mara ya tatu leo, na saa nne haijafika. Mama mmoja wa Kalundja alikuwa amekaa kwenye kiti cha studio yangu hapa Baraka, kilemba amekifunga upya, kidevu juu. Nikabonyeza. Taa nyekundu ikawaka, ikabaki inawaka. Apareyi haizimiki, haipigi picha, haionyeshi kitu. Nikatoa batri. Nikangoja. Nikarudisha. Tarehe imerudi 1 Januari 2012.

Kila asubuhi narekebisha mwaka, mwezi, siku, saa. Wateja wanataka tarehe pembeni ya picha, zile namba ndogo za rangi ya chungwa. Ikiganda mara tatu, narekebisha mara tatu. Leo nilichoka nikaacha. Mama wa Kalundja ameondoka na picha ya mwaka ambao labda hakuwa hata ameolewa. Hakuangalia. Nimeona haya mwenyewe.

Kinachonikasirisha ni kwamba kwa nje haina kasoro. Lenzi safi. Hakuna mkwaruzo. Ingekuwa imevunjika ningejua nagombana na nini. Ugonjwa uko ndani, kwenye ile programu inayoiambia apareyi ifanye nini. Huwezi kuigusa. Huwezi kuipangusa kwa kitambaa.

Ni Shemeji Amisi aliyeniletea, mwezi wa pili, kutoka Uvira. Mume wa dada yangu mkubwa. "Ni kama mupya, Bitisho. Ya Bajaponé. Hii utazeeka nayo."

Nimeanza kuzeeka kweli.

Jumatano, tarehe 5

Nimemwendea Amisi dukani kwake. Anauza redio, chaja, tochi. Hakuinua hata kichwa. Akasema inaomba mise à jour tu, programu mpya, kama simu, atanitumia fichier yake. Anatamka maneno hayo kama daktari. Hajui kitu.

Sikumwambia habari ya picha za Fizi. Sijamwambia mtu yeyote. Niandike hapa basi, labda kifua kitapungua uzito.

Katikati ya mwezi wa nne nilipanda Fizi kupiga picha za mahari ya Mmunga na Faila. Walikuwa wakiishi pamoja miaka mitatu na wana mtoto, Sifa. Mmunga anachimba dhahabu Misisi. Mwaka huu alipata kidogo. Hakununua pikipiki kama wenzake. Alijenga nyumba ya matofali, kisha akasema sasa anatoa mahari mbele ya watu wote, hataki Faila akae hewani. Mbuzi, vitenge, majembe, kila kitu kwa utaratibu wake. Nilipiga picha mia mbili na kumi na mbili. Apareyi iliganda mara tano siku ile. Nilipofika nyumbani ikaniuliza swali kwa Kifaransa: kadi haisomeki, formater? Nikabonyeza oui, ndiyo. Nilidhani inataka kuitengeneza.

Ilifuta zote.

Kadi niliitoa, nikaifunga kwenye karatasi, nikaisukuma chini kabisa ya droo. Sijaigusa tena. Wiki saba namwambia Mmunga kwamba picha ziko kwenye mashine. Ananiandikia kutoka Misisi kwa heshima, hata hanipi nafasi ya kumkasirikia. "Dada, hakuna haraka."

Mimi ni mwongo. Ndivyo ilivyo.

Jumamosi, tarehe 8

Nimeiua.

Fichier ya Amisi ilifika jana kwa simu. Asubuhi nikaitia kwenye kadi nyingine, nikafuata maelezo. Siyo yote. Maelezo yanasema batri iwe imejaa kabisa, yangu ilikuwa nusu, na mstari huo niliusoma baadaye. Alama ya buluu ikaanza kutembea kwenye kioo. Robo. Karibu nusu. Nikapata furaha ya kijinga. Nikasema moyoni, hata hivyo shemeji ni mtu.

Ikasimama hapo. Saa nzima nimekaa mbele yake kama mtu anayechunga maziwa yasimwagike. Kisha kioo kikawa cheusi. Batri ndani, batri nje. Kitufe hiki, kitufe kile, vyote pamoja. Hakuna. Hata ile taa nyekundu niliyoitukana miezi minne, leo ningeipokea kwa mikono miwili.

Wateja wawili wamekuja, nimewarudisha. Mmoja alikuwa ameazima suti ya kaka yake.

Nimepiga ndoo teke. Ndoo haikunikosea kitu. Kidole cha mguu kimevimba.

Jumapili, tarehe 9

Kanisani Amisi alikaa mbele akiimba kwa sauti kubwa kuliko kwaya. Tulipotoka, Yaya Wabiwa, dada yangu mkubwa, akanishika mkono. "Usimuchukie shemeji yako ju ya kamashine. Alitaka kukusaidia."

Kamashine! Watoto wangu wawili wanakula kutoka kwenye hiyo kamashine. Baba yao yuko Lubumbashi mwaka wa nne sasa, anatuma salamu.

Nimerudi nyumbani, nimesonga ugali kwa hasira, umeungua.

Jumanne, tarehe 11

Mmunga amekufa.

Shimo limeanguka Misisi, juzi mchana. Walikuwa wanne chini. Wawili walitoka wenyewe. Mmunga na mwenzake walitolewa jana. Simu yake imebaki chini huko. Dereva wa pikipiki aliyetoka Misisi ndiye aliyeleta habari sokoni, akiwa bado na matope mpaka magotini.

Nimefungua simu yangu. Ujumbe wake wa mwisho ni wa Alhamisi. "Dada Bitisho, nikishuka mwezi wa saba nitapita mwenyewe kuchukua picha. Faila anataka moja kubwa ya ukutani."

Sikuwa nimejibu. Nilikuwa bado natafuta uongo mwingine.

Ijumaa, tarehe 14

Nimetoka Fizi sasa hivi. Niandike haraka.

Walimzika juzi. Leo ilikuwa kuondoa matanga. Nilikwenda bila apareyi, nikakaa na bamama chini ya turubai. Watu wakala. Kisha Mzee Ebuela akasimama. Ni kaka mkubwa wa marehemu baba yake Mmunga, ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Akashika fimbo, akakohoa, akasema mbele ya watu wote:

"Huyu mwanamuke, sisi hatumujui. Hakuna mahari tulitoa kwake. Mmunga alikaa naye bile bijana banakaa na barafiki. Achukue mutoto wake, arudi kwa baba yake. Nyumba ni ya ukoo."

Mzee Ebuela! Mwezi wa nne alikuwa ameshika kamba ya mbuzi wa kwanza! Alikuwa mbele yangu, hatua mbili, akaniambia nisimpige picha akiwa amefumba macho!

Ndugu za Faila wakaruka kwa kelele. Akawangoja wanyamaze, akasema bila shaka watasema hivyo, wanataka nyumba. Watu wa upande wake waliokuwepo siku ile, niliwaona kwa macho yangu, na wote leo waliangalia chini. Hata mke wake, Mama Tabu, aliyecheza siku ile mpaka kitambaa kikamfunguka kichwani. Alikuwa anakwangua sufuria ambayo ilikuwa imekwisha kukwanguliwa.

Nikasimama. Nikasema na mimi nilikuwepo, nilipiga picha.

Akanitazama vizuri. "Basi leta picha."

Nikakaa chini tena.

"Mupiga picha gani asiye na picha?" Watu wengine wakacheka. Matangani, wakacheka.

Chefu wa mtaa akasema atakaa na wazee wa pande zote mbili Jumamosi ya wiki ijayo, mwenye ushahidi aulete. Nilipokuwa napanda pikipiki, Faila akanifuata, Sifa mgongoni. Midomo imemkauka. "Dada, we njo ulikuwa na apareyi. Leta tu picha, baone." Kisha akaongeza, taratibu: "Bakisema hakuna mahari, Sifa atakuwa mutoto wa nani?"

Ningeweza kumwambia palepale. Nilimwambia: nitaleta.

Namchukia Ebuela. Namchukia Amisi. Najichukia mimi zaidi, na hilo si la kujisifu.

Jumatatu, tarehe 17

Nimekwenda dukani kwa Amisi, nimeweka apareyi mezani katikati ya redio zake. Nikamwuliza aliitoa wapi. Akaanza kuzunguka. Bandari ya Uvira, mtu wa kuaminika, mtu wa kanisa. Nikamwuliza tena. Sikupaza sauti. Nadhani hicho ndicho kilichomtisha.

Akasema yote. Apareyi ilifika Uvira ikiwa na maandishi ya Kijapani tu, haina lugha nyingine. Hakuna mtu wa kununua kitu asichoweza kusoma. Basi kuna mtu pale anayetoa programu ya apareyi nyingine inayofanana na hiyo, yenye Kifaransa, anaisukuma ndani kwa nguvu. Inakubali. Inasema bonjour. Inauzwa. Na ile fichier aliyonitumia juzijuzi ilitoka kwa mtu huyohuyo.

"Ulijua inaganda?"

Akachukua tochi moja, akaiwasha, akaizima.

"Shemeji, ulijua inaganda mbele ya kuniuzisha?"

"Nilijua kidogo. Nikafikiri itazoea."

Itazoea. Kama kiatu. Kama bibi arusi kwa mama mkwe.

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, maana siku moja watoto wangu watasoma daftari hili. Nikamwambia na habari ya Fizi. Kwamba kuna mwanamke anafukuzwa nyumbani kwake kwa sababu ya bonjour yake. Akasema hakujua. Nilipogeuka, Yaya Wabiwa alikuwa mlangoni, ameshika chakula chake cha mchana kwenye kitambaa. Alisikia kila kitu. Safari hii hakumtetea. Aliweka chakula juu ya sanduku la tochi, akaondoka bila kumwangalia mumewe.

Jumatano, tarehe 19

Nyuma ya soko kuna chumba kidogo cha kompyuta. Mwenyewe ni Esperansi, msichana wa miaka ishirini na kitu, mtu wa milima ya juu, baba yake mfugaji. Alisoma informatique Bukavu. Kuna watu hawapeleki simu zao kwake kwa sababu ya kabila la kwao. Nawaita wajinga. Lakini mimi pia nimepita mlango huo miaka miwili nikipeleka vitu vyangu mbali zaidi, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Basi niandike na hilo.

Nilimpa kadi ikiwa bado kwenye karatasi yake. Swali lake la kwanza: "Mama, umeweka picha zingine juu ya hii kadi tangu ile siku?"

Hapana. Niliificha kwa aibu.

"Umefanya vizuri."

Neno la kwanza zuri nililosikia mwezi huu, na nimelipata kwa sababu ya woga wangu.

Akanieleza polepole, bila kunifanya mtoto. Apareyi haikufuta picha. Ilichana orodha tu, ile inayosema picha fulani iko wapi. Picha zenyewe zinabaki mpaka zingine zije kukaa juu yake. Atanakili kadi yote kwanza, kisha atatafuta kwenye nakala, kadi yenyewe haigusi. Akaonya kwamba pale apareyi ilipoganda katikati ya kuandika, au pale kadi yenyewe ilipoharibika, picha itakuwa imekatika au imepotea kabisa, na iliyokatika hairudi nzima.

Kisha akaigeuza apareyi, akasoma kibandiko cha chini, akatikisa kichwa. Magonjwa mawili, akasema. Kuna batri ndogo ndani inayotunza saa, imekufa, ndiyo maana tarehe inarudi nyuma kila ukitoa ile kubwa. Na kichwa, ile programu, si chake, imevalishwa cha ndugu yake. Nilimwambia nimeiua kabisa kwa ile fichier. Akasema labda nimeilaza tu, siyo kuiua. Tuanze na picha.

Hakucheka hata mara moja. Nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia akicheka.

Alhamisi, tarehe 20

Thelathini na moja. Kati ya mia mbili na kumi na mbili.

Tisa nzima. Nyingine zimekatika. Juu kuna uso, chini kuna ukuta wa kijivu, kama mtu aliyezamishwa kwenye saruji. Faila akiletwa mbele ya wazee: kilemba tu, na paji la uso. Mmunga: moja peke yake katika zote, mpaka kwenye pua. Nilipiga meza. Esperansi akanisogezea kiti.

Lakini katika zile tisa. Ya nne. Mzee Ebuela, suti ya kahawia, kamba ya mbuzi mkononi, anamkabidhi baba yake Faila, anayeonekana mgongo tu. Macho wazi kabisa. Anacheka. Na ya saba: Mama Tabu anacheza, beseni la vitenge kichwani, kitambaa cha kijani na maua meupe.

Nilitaka kupiga kelele. Kisha nikaona pembeni. Namba za chungwa. 01.01.2012.

Siku ile, baada ya kuganda mara ya kwanza, sikurekebisha tena. Nilikuwa na haraka, watu walikuwa wanaimba.

Esperansi akasema anaweza kukata pembe ile, ni kazi ya dakika moja. Nikasema hapana. Tukikata watauliza kilichokatwa ni nini, na mimi nimechoka kuficha. Nimezichapa hivyohivyo. Nitawaeleza.

Jumamosi, tarehe 22

Nimepanda Fizi asubuhi na picha tisa kwenye bahasha. Kabla ya kikao nilimwita Faila pembeni nikamwambia kila kitu. Wiki tisa za uongo. Alinisikiliza akiangalia bahasha. Akasema, "Ungeniambia." Basi. Ningependa anitukane.

Kikao kilikuwa darasani. Chefu mbele kwenye kiti cha mwalimu, wazee kwenye madawati madogo, magoti juu. Nikampa chefu picha. Akampa mzee wa upande huu, naye akampa wa upande ule. Ilipomfikia Ebuela ile ya nne, niliona rangi imemtoka. Kwa muda kidogo tu. Kisha kidole chake kikaenda pembeni. Mtu huyo anaona vizuri.

"Musome hapa. Elfu mbili na kumi na mbili. Hii ni mahari ya mutoto wangu mwenyewe, kitambo sana. Mmunga alikuwa angali kwenye masomo. Mama wa picha anatudanganya."

Nikaeleza. Batri ndogo. Programu isiyo yake. Apareyi kuganda. Nilijisikia nikisema na nikajua namna maneno yangu yanavyosikika kwa wazee wale. Ile apareyi inasema uongo juu ya siku, lakini inasema kweli juu ya sura, ndivyo nilivyowaambia. Mmoja akauliza: "Sasa sisi tuchague wapi ni uongo, wapi ni kweli?" Mzee aliuliza kwa haki. Nilimchukia kwa hilo pia.

Watu wa upande wa Ebuela wakapumua. Niliwaona. Tarehe iliwapa mahali pa kujificha. Wote walikumbuka, na sasa wote walikuwa na sababu ya kutokumbuka.

Picha ziliendelea kupita. Zikafika nyuma, walikokaa bamama. Mama Tabu akaishika ile ya saba. Akaishika muda mrefu mpaka jirani yake akanyoosha mkono aichukue, hakuitoa. Mumewe akasema bila kugeuka, "Pitisha."

Hakupitisha. Akasimama.

"Hiki kitambaa nilishonesha ju ya ile siku. Fundi iko hapa Fizi, muende mumuulize. Sijakivaa hata mara mbili."

"Kaa chini," Ebuela akasema.

"Nimekaa chini matanga yote." Sauti yake ilikuwa ndogo. Wazee wengine wakageuka kwenye madawati ili kuisikia. "Mtu akiniuliza kama nilikuwa pale, naweza kunyamaza. Nimenyamaza. Lakini huyu ni miye. Nacheza. Sitakataa sura yangu mwenyewe. Mahari ilitoka, mbuzi nilibahesabu, na bwana wangu njo alibapeleka."

Hakuna aliyepiga makofi. Haikuwa hivyo. Mzee mmoja wa upande wao akajisafisha koo akasema ndiyo, na yeye alikuwepo. Kisha mwingine. Wa tatu akasema alikuwepo lakini alichelewa. Ebuela akabaki anaangalia ubao ambao haukuandikwa kitu.

Chefu ameandika. Faila ni mke aliyetolewa mahari. Nyumba ni yake na ya mtoto. Sifa ni mtoto wa Mmunga, na jina lake linabaki.

Mama Tabu alitoka peke yake. Nilimfuata kumshukuru. Akanikata: "Sikufanya ju yako, mama. Ungeleta picha kwa wakati, ningebaki na amani nyumbani kwangu." Akaenda zake, upande usio wa nyumbani kwake. Leo atalala kwa binti yake, nimesikia.

Alisema kweli. Nimeshuka Baraka nayo njia nzima.

Jumatatu, tarehe 24

Ebuela hajatozwa kitu, hajaomba msamaha. Watu wanamsalimia kama kawaida. Nilidhani nitafurahi zaidi. Bado nina hasira, na sasa haina mahali pa kwenda.

Amisi amekuja studio na kuku. Amesimama mlangoni na kuku. Nikamwambia ampeleke Fizi kwa Mama Tabu. Alidhani natania. Sitanii. Yaya amesema ataenda naye ahakikishe.

Alhamisi, tarehe 27

Esperansi ameiamsha. Siku tatu za kutafuta programu yake ya asili, ile iliyozaliwa nayo. Batri imejaa kabisa, alinionyesha mara mbili. Alama ya buluu ikatembea mpaka mwisho. Ikazima, ikawaka.

Kila kitu Kijapani. Maandishi kama miguu ya kuku kwenye majivu. Amesema ndiyo lugha yake, haina nyingine, na nikimsikia mtu yeyote anayetaka kuiwekea Kifaransa nikimbie. Tumekaa mchana kutwa. Chini mara mbili, kulia, chini: mwanga. Chini mara nne: ukubwa wa picha. Nimechora kila kitu kwenye daftari. Ile ya kuchapa tarehe tumeizima moja kwa moja. Na swali lolote nisilolielewa, nisiguse kitu. Niende kwake.

Nimepiga picha themanini kujaribu. Haijaganda.

Jumapili, tarehe 30

Sikukuu ya uhuru. Gwaride, shule zote, vumbi, tarumbeta. Nimepiga tangu asubuhi. Haijaganda. Kila nikibonyeza kidole kinangoja ubaya. Kimezoea.

Mwalimu mmoja ameniuliza kwa nini hakuna tarehe pembeni. Nikamwambia aandike kwa kalamu ya bic nyuma, mwenyewe, kwa mkono wake.

Jumanne, tarehe 2 mwezi wa saba

Faila ameshuka Baraka leo, na Sifa. Alikaa kwenye kiti cha wateja. Nilimpa zile thelathini na moja zote, nzima na zilizokatika. Alizipitia moja moja. Sifa alikuwa anacheza na kifuniko cha lenzi.

Alifika kwenye ile ya Mmunga. Paji la uso, nyusi, macho, pua. Chini kijivu.

Akasema anaitaka hiyo, kubwa.

Nilimwambia kuna watu wanaoweza kuijaza kwa kompyuta, wakatafuta mdomo mahali pengine, wakaunganisha. Akatikisa kichwa. "Mdomo wa nani?" Kisha akasema, "Hapa juu panatosha. Ni yeye."

Nimeichapa. Tumekaa wawili tukiingoja ikauke. Nje jirani alikuwa anatwanga majani ya sombe. Hakunisema, na sikujitetea.

Alipoondoka aliibeba mbele, kwa mikono yote miwili, kwa sababu mtoto alikuwa mgongoni.